Bahati na Akili katika Uwanja Mmoja

Iko michezo ya akili tupu, na iko michezo ya bahati tupu. Bao ni mchezo wa akili tupu: kete zote zi wazi mbele ya macho ya wachezaji, hapana kilichofichwa, na mtu akifungwa hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Kurusha sarafu juu na kungoja iangukie upande gani ni mchezo wa bahati tupu: mwenye hekima na mpumbavu, mzee na mtoto, wote ni sawa mbele ya sarafu. Kati ya aina hizo mbili iko aina ya tatu, ambamo bahati na akili hukutana katika uwanja mmoja, kila moja ikamwekea mwenzake mipaka. Karata ni mfano wake. Aliyegawiwa karata mbaya aweza kushinda kwa akili, na aliyegawiwa karata nzuri aweza kushindwa kwa upumbavu.

Insha hii yahusu tawi moja la aina hiyo ya tatu, yaani michezo ya zawadi iliyoonyeshwa katika televisheni ya Marekani tangu mwaka wa 1955. Huenda ukauliza, msomaji, jambo hilo lina faida gani kwa mwanafunzi wa historia. Nami nakujibu kwa kukuuliza swali jingine: Mtu apata nini kwa kumtazama mgeni asiyemjua akishinda gari ambalo yeye mwenyewe hatalipanda hata siku moja? Mamilioni ya watu walikaa mbele ya vioo vyao, jioni baada ya jioni, wakifurahi na kuhuzunika kwa ajili ya watu wasiowajua. Jambo linaloweza kuwakusanya watu wengi kiasi hicho halikosi kutufundisha kitu juu ya binadamu. Tena, katika historia yake mna uwongo uliofika mpaka bungeni, mna fumbo la hesabu lililowatatiza madaktari wa elimu, na mna mtu mmoja aliyeishinda mashine. Basi tufuatane.

Mwaka wa 1940 ilianza katika redio ya Marekani chemsha bongo iliyoitwa Take It or Leave It, maana yake Chukua au Acha. Swali la kwanza lilikuwa na thamani ya dola 1, la pili dola 2, la tatu dola 4, na hivyo thamani ikaongezeka maradufu mpaka swali la saba, lililokuwa la mwisho, la dola 64. Kila alipojibu sawasawa mshindani aliulizwa: Wataka kuzichukua fedha zako uende zako, au wataka kuzitia hatarini kwa swali lililo gumu zaidi? Tarehe 7 Juni 1955 mchezo huo uliingia katika televisheni ya CBS kwa jina la The $64,000 Question, nalo swali la mwisho likawa la dola 64,000, fedha ambazo siku zile zilitosha kununua nyumba zaidi ya moja.

Waliopendwa sana katika mchezo huo walikuwa watu wa kawaida wenye elimu isiyotazamiwa kwao. Kapteni Richard McCutchen, mwanajeshi wa majini, aliulizwa juu ya mapishi, naye Septemba 1955 akawa mtu wa kwanza kufika dola 64,000. Bibi Joyce Brothers, mtaalamu wa elimu ya nafsi, aliulizwa habari za ndondi, naye pia akafika. Lakini mimi napenda zaidi habari ya Bwana Gino Prato, mshona viatu aliyehamia New York kutoka Italia, ambaye ujuzi wake ulikuwa katika michezo ya kuigiza kwa nyimbo. Alipofikisha dola 32,000, baba yake mzee aliyebaki Italia alimpelekea shauri kwamba akome hapo. Mtoto akamtii baba, akachukua fedha zake. Wahenga wetu wamesema: Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Yule mzee hakuijua lugha yetu, lakini maana hiyo aliijua.

Angalia hapo, msomaji, kiini cha utamu wa mchezo. Maswali yalikuwa ya elimu, na hakuna awezaye kujua ataulizwa nini. Hiyo ndiyo bahati. Lakini katikati ya elimu na bahati palisimama jambo la tatu, nalo ni uamuzi: kuendelea au kukoma. Mtazamaji aliyeko nyumbani huenda asijue hata jina la mtunzi mmoja wa nyimbo za Italia, lakini katika jambo la kuendelea au kukoma kila mtu ana rai yake. Mama hupika huku akisema, “Na akome!” Kijana hujibu, “Aendelee!” Katika Uingereza, mwaka huo huo wa 1955, mchezo wa Take Your Pick ulioongozwa na Bwana Michael Miles ulimpa mshindani hiari ya kupokea fedha taslimu au kufungua sanduku asilolijua ndani mna nini, nao watazamaji waliokuwamo ukumbini hawakuweza kunyamaza, nusu walipiga kelele achukue fedha, na nusu afungue sanduku. Mtu mmoja ndiye aliyecheza, lakini ukumbi mzima ulishiriki katika uamuzi wake.

Sasa natufike kwenye uwongo. Tarehe 12 Septemba 1956 kampuni ya NBC ilianza kuonyesha mchezo ulioitwa Twenty-One, yaani Ishirini na Moja. Washindani wawili walifungiwa kila mmoja katika kibanda chake, asimwone wala asimsikie mwenzake. Kila mmoja alijichagulia uzito wa swali, tangu alama 1, lililo rahisi, mpaka alama 11, lililo gumu. Ajibuye sawa huongezewa alama hizo, na akosaye hupunguziwa. Shabaha ilikuwa kufikia alama 21. Baada ya mizunguko miwili kila mmoja aliruhusiwa kuusimamisha mchezo. Kama yu mbele, ameshinda, na kama yu nyuma, amejitosa mwenyewe, maana hakujua mwenzake ana alama ngapi. Tofauti ya kila alama moja ilikuwa na thamani ya dola 500. Msomaji ataona kwamba mchezo huu ulitungwa kwa ustadi mkubwa, kwani ulihitaji elimu, ujasiri, na kuikisia nia ya mtu usiyemwona.

Usiku wa kwanza ulichezwa kwa haki, nao ukachusha. Washindani walikosa jawabu moja baada ya jingine, na mdhamini aliyelipa gharama hakuridhika. Hapo ndipo watayarishaji walipoamua kwamba haki haiwafai. Walimchukua Bwana Herbert Stempel, aliyekuwa askari zamani na sasa mwanafunzi wa chuo kimoja cha New York, mtu mwenye kumbukumbu ya ajabu, wakampa maswali na majibu kabla ya mchezo. Wakamfundisha apanguse vipi jasho la uso, asite muda gani kabla ya kujibu, avae suti gani kuukuu, na anyolewe nywele namna gani, ili aonekane maskini mwenye akili. Alishinda wiki kadhaa. Watazamaji walipoanza kumzoea, watayarishaji walitafuta mtu mpya, wakampata Bwana Charles Van Doren, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, mzuri wa sura, mtoto wa ukoo wa waandishi mashuhuri. Naye pia akapewa majibu.

Tarehe 5 Desemba 1956 Bwana Stempel aliamriwa ashindwe. Aliulizwa ni filamu gani iliyopata tuzo ya filamu bora ya mwaka wa 1955. Jawabu lilikuwa Marty, filamu aliyoipenda na kuijua vema. Alisimama katika kibanda kile, jawabu likiwa ulimini mwake, akataja On the Waterfront. Fikiri uchungu wake, msomaji: si uchungu wa kutojua, bali wa kujua na kulipwa ili aonekane hajui. Bwana Van Doren akaendelea kushinda mpaka tarehe 11 Machi 1957 aliposhindwa na Bibi Vivienne Nearing, akatoka na dola 129,000. Picha yake ilikuwa imekwisha kutokea juu ya jalada la gazeti la Time, na wazazi waliwaambia watoto wao, “Tazameni faida ya elimu.”

Njia ya mwongo ni fupi. Agosti 1958 mchezo mwingine, Dotto, ulifungwa ghafula baada ya mtu mmoja kuona daftari la mshindani lenye majibu. Bwana Stempel, ambaye alikuwa akilia dhuluma na asisikizwe, sasa alisikizwa. Oktoba 1958 Twenty-One ukakoma. Ushahidi uliokata mzizi wa fitina ulitoka kwa msanii mmoja, Bwana James Snodgrass, aliyewahi kucheza humo. Yeye alikuwa ameandika majibu aliyopewa, akayatia katika bahasha, na kabla ya siku ya mchezo akajipelekea mwenyewe kwa rejista ya posta. Bahasha zile zilizofungwa, zenye mhuri wa posta na tarehe yake, zilifunguliwa mbele ya kamati ya bunge mwaka wa 1959. Mhuri wa posta hauna upendeleo.

Tarehe 2 Novemba 1959 Bwana Van Doren alisimama mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi, akaungama kwamba aliwadanganya rafiki zake na watu milioni nyingi. Alipoteza kazi yake chuoni na kazi aliyopewa na NBC. Mwaka wa 1960 bunge la Marekani lilitunga sheria iliyofanya kuwa kosa la jinai kuwapa washindani wa michezo kama hiyo msaada wa siri, au kupanga mshindi kwa hila. Ikabainika pia kwamba The $64,000 Question haukuwa safi. Watayarishaji wake walikuwa wakitia mkono ili ampendaye mdhamini abaki na amchukiaye atoke.

Yafaa tuulize, watazamaji waliibiwa nini? Hakuna aliyepotelewa na senti. Kutazama kulikuwa bure, na washindani walilipwa. Hata hivyo watu walikasirika kama walioibiwa, nami naona walikuwa na haki. Aliyekaa mbele ya televisheni na kushika pumzi yake mshindani aliposita, alikuwa ametoa kitu chake: hofu yake, huruma yake na tumaini lake. Alivitoa kwa kuamini kwamba mbele yake yuko mtu aliye katika hatari ya kweli, ambaye mwisho wake haujulikani kwa yeyote. Kumbe mwisho uliandikwa ofisini. Mchezo wa kuigiza una mwisho ulioandikwa, na hapana anayelalamika, kwa sababu tumeambiwa kwamba ni maigizo. Ubaya huja pale maigizo yanapovishwa nguo za kweli. Basi sharti la kwanza la michezo hii ni kwamba bahati iwe bahati kweli.

Baada ya aibu ile, kampuni ziliogopa chemsha bongo. Bwana Merv Griffin alisimulia kwamba alipokuwa akimweleza mkewe, Bibi Julann, kwamba michezo ya maswali imekwisha, mkewe alimshauri awape washindani majibu mbele ya watu wote, na wao watafute maswali. Kutokana na ubishi huo mdogo ukazaliwa Jeopardy!, ulioanza tarehe 30 Machi 1964 na ambao watu wautazama hata leo. Ndani yake ilitiwa bahati kwa kipimo kidogo: nyuma ya baadhi ya namba imefichwa fursa iitwayo Daily Double, na mshindani aifunuaye huweka dau kutoka katika fedha zake kabla ya kuliona swali lenyewe. Mwenye elimu aliye mwoga huweka kidogo asipate kitu. Mwenye pupa huweka vyote akaondoka mikono mitupu.

Njia nyingine iliyofuatwa ilikuwa kuiacha elimu kabisa na kubakiza bahati na uamuzi tu. Tarehe 30 Desemba 1963 ulianza katika NBC mchezo wa Let's Make a Deal, maana yake Tufanye Biashara, ulioongozwa na Bwana Monty Hall, mzaliwa wa Winnipeg katika Kanada. Bwana Hall alipita katikati ya watu waliovaa mavazi ya kuchekesha ili awaone, akampa mmoja fedha mkononi, kisha akamwuliza kama yuko tayari kuziacha achukue kilicho nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia huenda mna gari jipya, au mna mbuzi. Msomaji wa Kenya atastaajabu kwamba mbuzi ahesabiwe hasara. Lakini mkaaji wa mjini Los Angeles, asiye na boma wala majani, amfungie wapi? Mtu aliyekuwa na dola mia kadhaa mkononi alitetemeka kuliko asiye na kitu, maana sasa ana cha kupoteza. Usiache mbachao kwa msala upitao, yasema methali. Na kila siku watu waliacha mbacha, wengine wakapata msala, na wengine wakapata mbuzi.

Mchezo huu ndio uliozaa fumbo mashuhuri. Mwaka wa 1975 Bwana Steve Selvin wa Chuo Kikuu cha California alilichapisha katika jarida la wanatakwimu, na Septemba 1990 Bibi Marilyn vos Savant akalijibu katika safu yake ya gazeti la Parade. Fumbo ni hili. Iko milango mitatu. Nyuma ya mmoja pana gari, na nyuma ya kila mmoja wa ile miwili pana mbuzi. Wachagua mlango wa kwanza. Mwendeshaji, ambaye ajua gari liko wapi, afungua mlango mwingine, nawe waona mbuzi. Kisha akuuliza: Wabaki na mlango wako, au wahamia ule uliosalia? Je, yafaa kuhama?

Wengi husema kwamba ni mamoja, maana imebaki milango miwili. Bibi vos Savant alijibu kwamba yafaa kuhama, kwani anayehama hushinda mara mbili katika kila tatu. Barua zipatazo 10,000 zilimiminika, na karibu 1,000 kati yake zilitoka kwa watu wenye shahada ya udaktari, wengi wao wakimwambia kwamba amekosea na aone haya. Hata Bwana Paul Erdős wa Hungaria, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne ile, hakusadiki mpaka alipoonyeshwa matokeo ya kompyuta. Lakini mama yule alikuwa sahihi, na wewe waweza kuyahakikisha maneno yake kwa penseli tu.

Tuseme siku zote wachagua mlango wa kwanza. Gari laweza kuwa mahali patatu. Ikiwa liko nyuma ya mlango wa kwanza, mwendeshaji atafungua wowote katika miwili iliyobaki, nawe ukihama umepoteza. Ikiwa liko nyuma ya mlango wa pili, mwendeshaji hana budi kufungua wa tatu, nawe ukihama umeshinda. Ikiwa liko nyuma ya mlango wa tatu, hana budi kufungua wa pili, nawe ukihama umeshinda. Katika mambo matatu yaliyo sawa kwa uzito, mawili ni ya mwenye kuhama. Kama bado una shaka, twaa vikombe vitatu na punje ya haragwe, umwambie mwenzako awe mwendeshaji. Cheza mara 30 bila kuhama, kisha mara 30 kwa kuhama, uandike matokeo. Utaona ya kwanza yakikaribia 10, na ya pili yakikaribia 20.

Lakini fumbo hilo lina mlango wa nne usioonekana. Mwaka wa 1991 Bwana Hall mwenyewe alimpokea mwandishi wa gazeti nyumbani kwake, wakacheza. Mwandishi alipochagua mlango wenye mbuzi, Bwana Hall aliufungua papo hapo, bila kumpa nafasi ya kuhama. Alipochagua wenye gari, alimshawishi ahame. Akaonyesha kwamba hesabu ile ni kweli ikiwa tu mwendeshaji amefungwa na kanuni ya kufungua mlango wa mbuzi kila mara. Ikiwa ana hiari, basi hupigani na bahati tena, wapigana na mtu. Aliyewahi kupita karibu na wacheza pata potea kando ya stendi za magari analielewa neno hilo. Karata ni tatu, na mpita njia hudhani kwamba ana nafasi moja kati ya tatu, au zaidi kwa kuwa macho yake ni makali. Mwenye karata hakumwahidi kanuni yoyote, na waliosimama kando wakishangilia ni wenzake. Kwa hiyo, kabla ya kupiga hesabu ya bahati yako, uliza kwanza ni nani aliyeziweka kanuni, na kama zinamfunga yeye pia.

Akili katika michezo hii mara nyingi ni kupima hatari kwa utulivu. Chukua mfano wa The Price Is Right, ulioanza mwaka wa 1956 ukarudi kwa sura mpya mwaka wa 1972, ukiongozwa na Bwana Bob Barker mpaka mwaka wa 2007. Ndani yake liko gurudumu kubwa lenye namba 20, kuanzia senti 5, kisha 10, kisha 15, hivyo hivyo mpaka senti 100. Washindani watatu huzungusha kwa zamu, kila mmoja mara moja au mbili, na jumla iliyo karibu zaidi na senti 100 bila ya kuizidi ndiyo ishindayo. Tuseme umepata 60. Wazungusha tena? Namba 12 katika zile 20, tangu 45 mpaka 100, zitakuvusha mpaka na kukutoa. Hatari ni kubwa. Lakini kama u wa kwanza, wako wawili nyuma yako, na kila mmoja ana nafasi mbili za kuipita 60 yako. Kama u wa tatu, na waliotangulia wamepata 55, basi huna haja ya kugusa gurudumu tena. Namba ni ile ile 60, walakini uamuzi hutegemea mahali uliposimama. Hivyo ndivyo ilivyo pia nje ya televisheni.

Yamebaki masimulizi ya mtu aliyeishinda mashine. Mwaka wa 1983 CBS ilianza mchezo wa Press Your Luck. Palikuwa na ubao wenye miraba 18. Ndani ya kila mraba vitu vilibadilika badilika, fedha, safari, na kikatuni kiovu kilichoitwa Whammy, ambacho kilifuta fedha zote za mshindani. Taa iliruka kutoka mraba mmoja hadi mwingine kwa kasi, mshindani akabonyeza kitufe ili isimame. Wote waliamini kwamba taa iliruka ovyo, nao walipobonyeza walifumba macho na kuomba.

Bwana Michael Larson wa Ohio hakuomba. Alirekodi mchezo huo nyumbani kwa mashine ya vidio, akautazama polepole usiku na mchana, akagundua kwamba taa ilifuata njia tano tu, zilizorudiwa rudiwa, na kwamba miraba miwili haikuwa na Whammy hata mara moja. Akazikariri njia zile zote. Tarehe 19 Mei 1984 aliingia ukumbini. Mara yake ya kwanza alipatwa na Whammy, na watu hawakumtilia maanani. Kisha mkono wake ukazoea, akaanza kuipiga miraba ile miwili mfululizo, akifurahi hata kabla taa haijasimama. Wenye mchezo walitazamana. Alipotosheka alikuwa na fedha na zawadi za thamani ya dola 110,237, na mchezo ukawa mrefu hata ukaonyeshwa kwa siku mbili, tarehe 8 na 11 Juni. CBS ilifanya baraza, ikatafuta kosa lake, isilione. Hakumhonga mtu, hakuiba jawabu, hakugusa mashine. Alitumia macho ambayo kila mtazamaji alikuwa nayo. Wakamlipa, kisha wakaiongezea taa njia nyingine nyingi.

Linganisha sasa, msomaji, Bwana Van Doren na Bwana Larson. Wote wawili waliiondoa bahati katika mchezo. Mmoja aliiondoa kwa kupewa siri gizani, akawa mshitakiwa mbele ya taifa. Mwingine aliiondoa kwa bidii yake mbele ya macho ya wote, akalipwa. Lakini mwisho wa Bwana Larson nao una funzo. Alitia fedha katika biashara zisizofaa. Tena, kituo kimoja cha redio kilipoahidi zawadi kwa mwenye noti ya dola 1 yenye namba fulani, alitoa benki maelfu ya dola kwa noti za moja moja, akakaa nyumbani kuzikagua. Wezi wakaja wakazichukua nyingi. Ubao ulikuwa na njia tano, akazijua. Namba za noti hazikuwa na njia yoyote ya kukariri. Akili iliyomtajirisha ilikuwa ile ya kutambua bahati isiyo bahati. Umaskini ulimjia alipokutana na bahati ya kweli na kudhani kwamba ni ile ya kwanza.

Sasa twaweza kulijibu swali la mwanzo. Mtu humtazama mgeni akicheza kwa sababu mchezo huo ni mfano mdogo wa maisha, uliofupishwa ukaenea katika nusu saa. Hatukuchagua tuzaliwe wapi, wala mvua inyeshe lini. Hiyo ni karata tuliyogawiwa. Lakini tumeachiwa kuamua tupande nini, tukome wapi, na tumwamini nani. Katika akili tupu mnyonge hukata tamaa, na katika bahati tupu mwenye bidii hukata tamaa. Penye mchanganyiko wa haki, kila mmoja ana sababu ya kujaribu, na kila mtazamaji ana sababu ya kusema, “Ningekuwa mimi!”

Neno moja zaidi, kwa kuwa u kijana na una simu mkononi, au utakuwa nayo kesho. Mshindani wa michezo niliyoisimulia hakuja na fedha zake. Aliposhindwa, alirudi kwao jinsi alivyotoka. Michezo ya kamari iliyoenea siku hizi huvaa nguo zile zile, taa, magurudumu na kelele za shangwe, walakini dau ni lako: ni karo yako, ni nauli yako, ni unga wa mamako. Mwenye mchezo amekwisha piga hesabu yake kabla hujaingia, naye anajua kwamba wachezaji wakijumlishwa wote pamoja, fedha zitabaki kwake. Hapo hakuna gari nyuma ya mlango ule mwingine. Unapoona mchezo wowote wa bahati, uliza maswali matatu uliyojifunza katika historia hii: Je, bahati hii ni ya kweli? Kanuni zake zamfunga nani? Na kinachopotea ni cha nani? Mwenye kuyauliza hayo kabla ya kucheza amekwisha cheza vema.